Miguu ndiyo inayobeba mpira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kazi ya miguu kwa mchezaji wa kikapu

Mchezaji akipokonywa mpira, watu wote humtazama mikono. Mimi hutazama chini. Mara nyingi mkono haukukosea chochote. Mguu ulichelewa, au ulikanyaga mahali pabaya, na mwili ukabaki wima huku mpira ukiwa umeshaondoka. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi na wachezaji, wazazi na makocha wanaoanza.

Nikiwa peke yangu namudu mpira vizuri. Kwa nini nikikabwa unanitoka?

Kwa sababu ukiwa peke yako unadundisha ukiwa umesimama, au unakwenda mbele kwa mwendo mmoja. Hakuna anayekulazimisha kusimama ghafla, kugeuka au kuongeza kasi. Anayekukaba analeta mambo hayo yote kwa mara moja, na kila moja ni kazi ya miguu kabla ya kuwa kazi ya mkono.

Angalia kinachotokea kwa ukaribu. Unakimbia, mkabaji anakukatia njia, nawe unajaribu kuhamisha mpira kwenda mkono wa pili. Miguu yako wakati huo imekaribiana na magoti yamenyooka. Mpira unapita mbele ya mwili kwenye kimo cha kiuno, kwa kuwa kiuno chako kipo juu, na kutoka hapo hadi sakafuni na kurudi ni safari ndefu inayompa mwenzako muda wa kunyoosha mkono. Laiti nyonga ingeshuka na mguu wa nje ukanyage mbali, mpira uleule na mkono uleule vingepita chini ya goti na mkabaji asingeufikia.

Mkao sahihi ukoje?

Miguu ipanuke kuzidi mabega kidogo. Magoti yakunjwe, nyonga irudi nyuma kana kwamba unataka kukaa kitini, kifua kiwe mbele kidogo lakini mgongo usipinde. Uzito uwe sehemu ya mbele ya unyayo, na visigino viguse sakafu kwa wepesi tu. Wapo wanaofundisha kusimama kwa ncha za vidole, sikubaliani nao. Aliye kwenye ncha za vidole husukumwa kidogo tu akayumba, na kabla ya kuanza kukimbia hulazimika kwanza kushusha kisigino.

Mguu wa upande usio na mpira utangulie kidogo. Ukidundisha kwa kulia, mguu wa kushoto uwe mbele. Hivyo bega la kushoto na mkono wa kushoto vinakaa kati ya mkabaji na mpira bila wewe kumsukuma. Macho yawe juu. Ukiona kichwa kinainama kila unapotaka kubadili mkono, fahamu kwamba bado hujaiamini miguu yako.

Dundo na hatua vinakwenda pamoja vipi?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe zaidi kuliko yote.

Kuna midundo miwili mwilini mwa mchezaji mwenye mpira: wa mkono na wa nyayo. Anayeanza huwa ameifunga pamoja, hatua moja dundo moja, na hawezi kuitenganisha. Mkabaji mzuri huusoma mdundo huo baada ya hatua tatu tu, na hapo mkono wake unajua mpira utakuwa wapi kabla haujafika. Lengo la mazoezi ni uweze kupiga dundo moja kwa hatua tatu ukiwa na nafasi wazi, dundo moja kwa hatua moja ukiwa kwenye msongamano, na madundo mawili ya haraka ndani ya hatua moja unapotaka kumchanganya mtu, na kubadili kati ya hayo bila kufikiri.

Mahali pa mkono juu ya mpira hufuata kile ambacho miguu inafanya. Ukiongeza kasi, kiganja kinakaa nyuma ya mpira na kuusukuma mbele. Ukifunga breki, mwili unasimama lakini mpira bado una mwendo, kwa hiyo kiganja lazima kihamie mbele na juu yake kuuzuia. Ukienda pembeni, kiganja kinakaa ubavuni mwa mpira. Wachezaji wengi wanaopoteza mpira wanaposimama ghafla wana miguu iliyosimama vizuri na mkono uliobaki nyuma ya mpira, kwa hiyo mpira unaendelea na safari bila wao.

Jambo moja la kukariri: unapobadili mwelekeo, mpira utoke mkononi wakati uleule mguu wa kusukumia unapokanyaga. Mpira ukitangulia, mwili utaachwa. Mguu ukitangulia sana, mkabaji ameshaona unakokwenda.

Katika krosova, miguu inafanya nini hasa?

Krosova ni kuupitisha mpira mbele ya mwili kutoka mkono mmoja kwenda wa pili. Tuchukue ile ya kutoka kulia kwenda kushoto. Dundo la mwisho la kulia lipigwe nje kidogo ya goti la kulia, ili mkabaji aamini kwamba unaelekea huko. Mguu wa kulia ukanyage mbali, nje ya mstari wa bega, uzito ukikaa upande wa ndani wa unyayo, karibu na kidole gumba. Goti lisiporomoke kuelekea ndani. Libaki juu ya vidole. Kichwa na bega navyo vielekee kulia, maana mkabaji hasomi mpira peke yake, anasoma kifua chako.

Unyayo ule unapokanyaga, mkono unaupeleka mpira kushoto, chini ya magoti. Mkono wa kushoto uwe umeshashuka unaungoja, vidole vikielekea sakafuni. Hapo mguu wa kulia unasukuma sakafu kwa nguvu zote, mguu wa kushoto unafunguka vidole vikitazama unakokwenda, kisha mguu wa kulia unapita mbele kwa hatua ndefu inayotua sambamba na mguu wa mkabaji au nyuma yake. Bega lako likiwa usawa wa nyonga yake, umeshampita. Likiwa usawa wa kifua chake, bado mko pamoja na atakufuata hadi kwenye ringi.

Kosa kubwa hapa ni kwenda pembeni. Mchezaji anafanya krosova ya kupendeza, mpira unapita, mkabaji anayumba, halafu hatua ya kwanza baada ya hapo inakwenda kando badala ya mbele. Mkabaji anapata muda wa kujipanga na kazi yote imepotea. Vidole vya mguu wa kushoto vikitazama ringi, mwili utafuata.

Watu hupenda kutaja mchezo wa tarehe 12 Machi 1997, Allen Iverson, akiwa mwaka wake wa kwanza NBA (ligi kuu ya kikapu ya Marekani), alipomhamisha Michael Jordan kwa krosova mbili. Ile ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kumpima tu. Jordan alipoitikia, ya pili ikaja kubwa, mguu ukikanyaga mbali zaidi. Tazama nyayo za Iverson kati ya krosova hizo mbili: hazijafungana hata mara moja, muda wote zimepanuka, tayari kusukuma.

Na mbinu nyingine za kubadili mwelekeo?

Kupitisha mpira kati ya miguu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, mradi mguu ulio kinyume na mkono wenye mpira uwe mbele. Mpira uko kulia, mguu wa kushoto mbele, mpira unadunda katikati ya nyayo mbili na kupokewa kushoto. Anayegonga mpira kwenye paja lake kwa kawaida hajapanua hatua ya kutosha.

Ile ya ndani-nje, ambapo mkono unaanza kama krosova kisha unarudi ulikotoka, hutegemea mguu wa upande wa pili. Mpira ukiwa kulia, mguu wa kushoto ndio unaochomoza kushoto kumdanganya mkabaji, na huohuo ndio unaokusukuma kurudi kulia. Mkono ukifanya udanganyifu peke yake bila mguu, hakuna anayedanganyika.

Kuzunguka kwa mgongo, yaani spini: ukiwa na mpira kulia, kanyaga mguu wa kushoto karibu na katikati ya miguu ya mkabaji, zunguka juu yake, mguu wa kulia ukipita nyuma na kutua upande wa pili. Mkono wa kulia uuvute mpira pamoja na nyonga mpaka mwili umalize kugeuka, ndipo mkono wa kushoto upokee. Wanaobadili mkono mapema huuacha mpira nyuma, na mlinzi wa pili anauokota. Nakushauri spini uitumie kwa uchache. Kwa sekunde nzima unakuwa umeupa uwanja mgongo, na hujui nani anakuja.

Kusita katikati ya mwendo kunafanyaje kazi?

Unakimbia, unapunguza ghafla kwa hatua fupi mbili au tatu za harakaharaka, kifua na macho vinainuka kidogo kana kwamba unataka kurusha au kupasi, mkabaji ananyanyuka, nawe unaondoka. Siri ni kwamba kifua kinainuka ila magoti hayanyooki. Ukinyoosha magoti itabidi ushuke tena kabla ya kuondoka, na mkabaji atashuka pamoja nawe. Angalia pia mkono: ukiusitisha mpira kwa kuweka kiganja chini yake, refa atakuita kwa kosa la kubeba mpira.

Kwa nini kocha anasisitiza kufunga breki kuliko kukimbia?

Kwa sababu yuko sahihi. Kasi peke yake mkabaji mwenye miguu mizuri ataifikia. Mabadiliko ya kasi ni magumu zaidi kuyafuata, kwa kuwa yeye huitikia baada yako. Wewe unajua utasimama lini na yeye hajui. Luka Dončić wa Slovenia hahesabiwi miongoni mwa wenye mbio kali katika NBA, lakini wakabaji humpita wao wenyewe kwa sababu anasimama wakati wao bado wanakwenda. Sehemu kubwa ya nafasi anazopata kurusha zinatokana na breki.

Breki nzuri huanza hatua moja kabla ya ile ya kusimamia. Katika hatua hiyo ya kabla ya mwisho, nyonga inashuka na unyayo mzima unakanyaga sakafu mbele ya mwili. Hatua ya mwisho inamalizia tu. Anayejaribu kusimama kwa hatua moja ya mwisho atateleza, au kifua kitamwagikia mbele, au goti litabeba mzigo wote. Maumivu ya goti chini ya kifuniko chake kwa vijana wanaoruka na kusimama sana yana uhusiano na mzigo wa aina hii unaorudiwarudiwa, kwa hiyo breki mfundishe mchezaji mapema, na misuli ya mapaja na makalio aiimarishe.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote: anzia mstari wa mwisho, dundisha kwa kasi hadi mstari wa mtupo huru, simama kabisa, hesabu moja, ondoka tena hadi mstari wa kati, simama, na kadhalika hadi mwisho wa uwanja. Kiwanja cha kimataifa kina urefu wa mita 28, kwa hiyo safari moja inakupa vituo vya kutosha. Ukisimama, asiwepo mguu unaocheza. Ukiyumba au kuongeza kahatua kadogo ka kujisawazisha, kituo hicho hakijahesabika.

Nisimame kwa miguu miwili kwa pamoja au kwa hatua moja moja?

Yote mawili uyajue. Kutua kwa miguu miwili kwa wakati mmoja baada ya kushika mpira kunakupa faida kubwa: mguu wowote unaweza kuwa mhimili, yaani ule unaobaki chini huku mwingine ukizunguka. Ukibanwa kulia unageukia kushoto bila kosa. Kusimama kwa hatua mbili, kushoto-kulia au kulia-kushoto, ni kwa haraka zaidi na kunafaa kurusha ukitoka kwenye mwendo, ila mguu uliotangulia kutua ndio mhimili na huwezi kuubadili.

Kuna mtego mmoja. Ukishika mpira, ukaruka kwa mguu mmoja kama hatua ya kwanza, kisha ukatua kwa miguu yote miwili kama hatua ya pili, kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, hazikuruhusu kuzunguka kwa mguu wowote. Unaweza kurusha au kupasi tu. Vijana wengi hupigiwa filimbi hapo na kubaki wameshangaa.

Refa ananipigia kutembea na mpira kila ninapoanza kudundisha. Nakosea wapi?

Karibu kila mara ni hivi: umesimama na mpira, mguu wa mhimili unanyanyuka kabla mpira haujatoka mkononi. Kanuni inataka mpira uachiliwe kwanza, kisha mhimili unyanyuke. Kwa kurusha au kupasi ni tofauti. Hapo unaruhusiwa kunyanyua mhimili, mradi mpira uondoke kabla mguu huo haujarudi sakafuni.

Tiba yake ni kuupeleka mpira mbali. Wengi hudunda mpira kando ya mguu wao wenyewe huku mwili ukikimbilia mbele, na mwili ukifika mbele mhimili huvutwa. Badala yake, dundo la kwanza lipigwe mbele ya mguu unaoanza, mbali kiasi kwamba unalazimika kulikimbilia. Mguu unaoanza na dundo hilo viguse sakafu karibu pamoja. Fanya zoezi hili polepole sana ukutani: weka kisigino cha mhimili kigusane na ukuta, na usikiruhusu kuachana nao mpaka usikie mpira umegonga sakafu.

Inafaa kukumbuka kwamba James Naismith alipoandika kanuni zake 13 mwaka 1891, mchezaji hakuruhusiwa kabisa kukimbia na mpira; alipaswa kuutupa akiwa palepale alipoudaka. Kudundisha kulikuja baadaye, wachezaji walipogundua kwamba wanaweza kujipasia wenyewe. Mchezo mzima wa mtu mwenye mpira umejengwa juu ya ruhusa ya kusogeza miguu, na ndiyo maana marefa wanaitazama kwa makini.

Na hiyo "hatua sifuri" ni kitu gani?

FIBA waliipokea katika kanuni zinazotumika tangu Oktoba 2017. Ukiushika mpira ukiwa kwenye mwendo, mguu ulio sakafuni wakati huohuo wa kuushika hauhesabiwi. Mguu unaofuata kutua ni hatua ya kwanza, na unaofuata tena ni ya pili. NBA nao waliandika maelezo ya jambo hilohilo kwa uwazi katika kanuni zao mwaka 2019.

Kwa macho ya mtazamaji inaonekana kama hatua tatu, na hapo ndipo mabishano huanza. Wewe jifunze kuushika mpira wakati unyayo mmoja uko chini tayari. Ukiushika miguu yote miwili ikiwa hewani, hatua sifuri hunayo. Kumbuka pia kwamba ukipokea pasi ukiwa kwenye mwendo na unataka kudundisha, mpira lazima utoke mkononi kabla ya hatua ya pili.

Ile mbinu ya kukanyaga upande mmoja kisha kuvuka upande wa pili kabla ya kufunga, maarufu kama yurostepu, inasimama juu ya kanuni hii ya hatua mbili. Šarūnas Marčiulionis wa Lithuania aliingia nayo NBA mwaka 1989, na Manu Ginóbili wa Argentina ndiye aliyewafanya watu wote waitamani. Kinachoifanya ifanye kazi ni upana wa hatua ya kwanza. Ikiwa nyembamba, mkabaji hahami.

Hatua ya uchokozi ina maana gani kama sijaanza hata kudundisha?

Ina maana kubwa. Umepokea mpira, mhimili uko chini, mguu wa pili unachomoza mbele kwa ufupi na kwa ukali, halafu unamtazama mkabaji. Akirudi nyuma, una nafasi ya kurusha. Asiporudi, ongeza hatua ileile na ondoka. Akirukia upande huo, vusha mguu upande wa pili. Hatua hiyo isizidi urefu wa unyayo mmoja hivi. Ukichomoza mbali, uzito wako umeondoka juu ya mhimili na hutaweza kurudi. Usichezee hapo muda mrefu pia, maana mkabaji akiwa umbali usiozidi mita 1 nawe umeshika mpira, FIBA inakupa sekunde 5.

Mkono wangu wa kushoto ni dhaifu. Miguu inaweza kusaidia?

Inaweza, tena sana. Mtu mwenye mkono dhaifu wa kushoto kwa kawaida ana mguu wa kulia usiojua kusukuma kuelekea kushoto. Hajawahi kuuzoeza, kwa sababu siku zote anaelekea kulia. Acha mpira kwanza. Fanya msukumo wa kutoka mguu wa kulia kwenda kushoto, utue kwa mguu wa kushoto na ushikilie hapo bila kuyumba. Ukishaweza, ongeza mpira, dundo moja tu la kushoto kwa kila msukumo. Mkono utapata utulivu kwa sababu mwili umeupa utulivu.

Ngazi ya mazoezi ya kulaza sakafuni inasaidia?

Kidogo. Inapasha mwili joto na kumfundisha mtoto kupanga nyayo zake. Lakini kwenye ngazi nyayo zinagusa sakafu kwa wepesi katika mpangilio uliokaririwa, na uwanjani unahitaji kusukuma sakafu kwa nguvu kuitikia mtu usiyemjua atafanya nini. Nimeona wachezaji wanaoruka ngazi kwa umahiri na bado hawawezi kusimama kwa breki moja safi. Ukiwa na dakika 10 tu, zipeleke kwenye breki na hatua ya kwanza. Kamba ya kuruka naiona bora kuliko ngazi, kwa kuwa inajenga vigimbi na vifundo pamoja na mdundo.

Nipange vipi mazoezi ya dakika 30?

Dakika 5 za mwanzo pasha mwili: kamba, kutembea kwa kukunja magoti, kusimama kwa mguu mmoja huku mkono ukidundisha upande wa pili. Dakika 8 zinazofuata ni za miguu bila mpira: msukumo wa pembeni, breki kutoka mwendo wa wastani, kuzunguka juu ya mhimili mbele na nyuma. Usizipuuze hizi kwa kuwa hazina mpira, ndizo zinazolipa.

Kisha dakika 12 za mbinu moja, nasisitiza moja, kwa mfano krosova. Uifanye ukitembea, halafu ukikimbia taratibu, halafu kwa kasi ya mchezo, mwisho mbele ya mtu anayeweza kuchagua upande. Mwenzako ainue mkono wakati wowote, wa kulia au wa kushoto, nawe uende upande wa pili. Bila kipengele hicho cha kuitikia, mbinu itabaki ya mazoezini. Dakika 5 za mwisho cheza mmoja dhidi ya mmoja, ukiruhusiwa madundo matatu tu kwa kila shambulizi. Sheria hiyo ndogo inaua tabia ya kudundadunda pasipo kwenda popote na kuilazimisha miguu ifanye kazi. Mchezaji mzima aliyekomaa anaweza kutoka mstari wa pointi tatu, ulio mita 6.75 kutoka ringi, akafunga kwa dundo moja au mawili.

Mara tatu au nne kwa wiki yatosha. Miguu iliyochoka hujifunza kukanyaga vibaya.

Mimi ni mrefu, nacheza chini ya ringi. Haya yananihusu?

Yanakuhusu pengine kuliko wote. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, alicheza mpira wa mikono na kudaka golini kwenye soka kabla ya kuanza kikapu, na miguu aliyoipata huko ndiyo iliyomfanya asiweze kukabwa. Alizunguka upande mmoja, akasita, akarudi upande wa pili, mkabaji akabaki hewani. Houston Rockets walitwaa ubingwa wa NBA mwaka 1994 na 1995 wakimtegemea yeye. Mchezaji wa ndani aanze na mambo mawili: kuzunguka juu ya mhimili wowote bila kuyumba, na dundo moja la nguvu kwa mikono miwili huku mguu ukirudi nyuma kumfungia mkabaji nje.

Steve Nash wa Canada, mchezaji bora wa NBA mwaka 2005 na 2006, naye alikulia kwenye soka. Sishangai. Soka humfundisha mtoto kwamba kila tendo la mpira lina mguu wa kusimamia.

Mwanangu ana miaka 9. Aanze na nini?

Aanze na michezo ya kukimbizana, kusimama kwa ishara na kuruka mguu mmoja. Mpe mpira namba 5. Namba 7 ni wa wanaume na namba 6 ni wa wanawake, na mpira uliomzidi humlazimisha kuutazama na kusimama wima. Asifundishwe mbinu kumi. Akijua kusimama bila kuanguka, kugeuka na kudundisha kwa mikono yote miwili akiwa anatembea, yuko vizuri sana kwa umri wake.

Viatu na vifundo?

Kiatu kiwe na soli inayong'ang'ania sakafu na kikubane kiasi kwamba unyayo hauteleziteleze ndani unapokanyaga pembeni. Futa vumbi kwenye soli. Kimo cha shingo ya kiatu si kinga peke yake. Kinachokulinda zaidi ni kifundo chenye nguvu na mazoea ya kusawazika. Simama kwa mguu mmoja sekunde 30, kisha fumba macho. Kama umewahi kuteguka kifundo, zoezi hili lifanye kila siku, na usirudi kwenye krosova za kasi mpaka uweze kurukaruka kwa mguu huo bila maumivu. Ukishindwa kabisa kuukanyagia mguu baada ya kuteguka, nenda ukapimwe.

Nitajuaje kama naendelea?

Jirekodi kwa simu, lakini iweke chini, ikuoneshe kuanzia magotini kwenda chini tu. Mikono isionekane. Cheza mmoja dhidi ya mmoja na mwenzako kwa dakika chache, kisha tazama taratibu. Tafuta nyayo zinapokaribiana au kugongana, tafuta hatua ndogo za kujisawazisha baada ya kila breki, na tafuta mguu wa kusukumia unatua wapi: ndani ya mstari wa bega au nje yake. Rudia baada ya wiki tatu, kwa pembe ileile na mkabaji yuleyule ikiwezekana. Ukianza kuona nyayo zimepanuka hata pale unapochoka mwishoni, ongeza mbinu ya pili.